Kirikou, Karaba na mwiba wa mgongoni

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Shinyanga:

"Shikamoo mwalimu. Shangazi yao watoto alitoka Bujumbura akawaletea katuni ya Kirikou kwenye flashi. Ninao wawili, mmoja ana miaka 9, mwingine 5. Wameipenda kupita kiasi, wanairudia kila wakipata nafasi. Shida ni mama mkwe, tunaishi naye. Siku alipoketi nao akaona mtoto anaongea tumboni, wanawake vifua wazi, na mchawi anayetuma sanamu za miti, alizima TV akasema hiyo ni shule ya uchawi. Nilitaka kumpinga, lakini wiki hii mkubwa ameanza kumwita bibi mmoja jirani yetu 'Karaba', jina la mchawi huyo, wenzake wanacheka. Sasa sijui nimsikilize nani. Niifute? Na zile sehemu nyingine niletewe au niachane nazo?"

Marahaba, mama.

Nianze na la jirani, maana hilo halingoji. Leo hii, kabla hujagusa flashi, mkubwa akome kumwita bibi yule jina hilo, na wazazi wa wenzake uwapitie uwaambie. Wewe uko Shinyanga. Huna haja ya mimi kukueleza neno "mchawi" limewahi kufanya nini huko. Vikongwe wamekatwa mapanga Usukumani kwa kisingizio cha macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi: kuni, samadi, jiko la ndani na miaka mingi ya kupuliza moto. Jina la utani likishazoeleka midomoni mwa watoto, siku ng'ombe akifa au mtu akiugua ghafla, watu wazima wanalikuta limeshaandaliwa.

Mama mkwe wako amekulia katika hofu hiyo, na umri alionao sasa unamweka yeye mwenyewe miongoni mwa wanaonyooshewa kidole. Aliposhika rimoti alikuwa na sababu nzito kuliko ile aliyoitamka. Kuhusu hatari, basi, yuko sahihi. Kuhusu filamu naona aliizima kabla haijafika kwenye maneno ambayo yangemfanya aketi. Na watoto wako, pamoja na kuirudia kote huko, nao hawajayafikia.

Sababu ni lugha. Nakala inayotoka Bujumbura kwa kawaida ni ya Kifaransa, na sidhani kama wanao wanakielewa. Nusu ya kwanza haihitaji lugha: kuna moto, mbio, mtumbwi, mti unaofunga watoto kwenye matawi yake, na wimbo wa kumsifu Kirikou ambao mtoto yeyote ataushika kwa siku moja. Lakini jibu la hadithi nzima liko kwenye mazungumzo ya babu na mjukuu ndani ya kichuguu, na pale karibu kila kitu ni maneno. Asiyeelewa lugha anaona mzee ameketi anaongea, anasogeza mbele. Anachobaki nacho ni mwanamke mbaya mwenye vito vingi na mtoto mdogo aliyemshinda. Hicho ndicho mkubwa wako alichotoka nacho akaenda kumbandika jirani.

Sasa nikueleze kilichomo.

Filamu hii ilitoka Ufaransa Desemba 1998. Aliyeiandika na kuiongoza, Michel Ocelot, ni Mfaransa aliyepitisha utoto wake Conakry, Guinea. Alianzia kwenye ngano ya Afrika Magharibi akaongeza mengi ya kwake. Sauti zilirekodiwa Dakar, kwa waigizaji na watoto wa Senegal, na muziki ni wa Youssou N'Dour, kwa ala za jadi. Kwa hiyo hata Kifaransa mnachokisikia hapo ni cha Dakar, hakina lafudhi ya Paris, na mimi nadhani nusu ya utamu wake iko hapo.

Inaanza na mama mjamzito ndani ya nyumba. Sauti inatoka tumboni inamwambia amzae. Mama, bila kushtuka, anajibu kwamba mtoto anayeongea tumboni anajizaa mwenyewe. Kirikou anatoka akitambaa, anakata kitovu chake, anajitaja jina. Swali lake kubwa la kwanza ni la baba: yuko wapi? Alikwenda kupigana na mchawi Karaba, akaliwa. Na wajomba? Wameliwa. Yuko mmoja tu aliyebaki, naye ndiyo kwanza anakwenda. Kirikou, hana hata siku moja duniani, anamkimbilia mjomba na kujificha chini ya kofia yake.

Kijiji kina tuhuma mbili kubwa dhidi ya Karaba: amekula wanaume, na amekausha chemchemi. Angalia zinavyokwenda. Kirikou anaingia kwenye bomba la chemchemi, kule ambako mtu mzima hapenyi, anamkuta mnyama aliyejaa kama puto. Aliingia akiwa mdogo, akanywa, akanywa, akavimba akaziba. Kirikou anamtoboa kwa chuma cha moto, maji yanarudi, na yeye mwenyewe anakaribia kufa maji. Kwa hiyo chemchemi haikukaushwa na Karaba; yeye aliwaacha waamini hivyo kwa kuwa hofu yao ilimfaa. Na wanaume hawakuliwa. Wamegeuzwa kuwa zile sanamu za miti zinazomtumikia. Kijiji kizima kimeishi kwa uvumi, na uvumi wote miwili ulikuwa wa uongo.

Hilo halimfanyi Karaba awe malaika, na napenda kwamba filamu haimsafishi. Anachoma nyumba za watu kwa ajili ya dhahabu. Anawinda watoto, mara kwa mtumbwi, mara kwa mti. Kuna watu wazima wenye nia njema wanaowaambia watoto kwamba "Karaba kumbe alikuwa mwema." Hapana, alikuwa mkatili, na wakati huohuo ametendewa ukatili. Mtoto wa miaka 9 anaweza kubeba yote mawili kichwani ukimpa nafasi.

Kirikou anazunguka kijijini na swali moja: kwa nini Karaba ni mbaya? Wakubwa wanamfukuza, wanamwona msumbufu. Wamezoea kuuliza namna ya kumkwepa. Yeye anataka kujua chanzo. Mama yake peke yake ndiye anayekiri kwamba hajui, na anamwambia anayejua ni babu yake, anayekaa kwenye mlima uliokatazwa, nyuma ya nyumba ya mchawi. Mama anampa kisu cha baba. Kwa kuwa sanamu iliyo juu ya paa la Karaba inaona kila kinachopita, Kirikou anachimba njia chini ya ardhi. Huko anakutana na kicheche, anawaokoa vindi, anamtumia ngiri kama farasi. Ni sehemu ya burudani tupu, waachie watoto waifurahie.

Kisha kichuguu. Naomba ukifika hapo usimamishe picha, uwaelezee kwa utulivu. Babu anamwambia Kirikou kwamba Karaba ana mwiba wenye sumu mgongoni, pale ambapo mkono wake haufiki. Wanaume walimshika wakamchoma nao. Mwiba ule unamuuma usiku na mchana, na ni mwiba uleule unaompa nguvu za uchawi. Kwa nini basi asiombe mtu amtoe? Kwanza, kutolewa kutauma kama siku alipochomwa. Pili, ukitoka, nguvu zinakwenda nao.

Watu wazima wengi wakifika hapo wananyamaza, kwa sababu wanaelewa kundi la wanaume na mwanamke mmoja maana yake nini. Mtoto wa miaka 5 anaona mwiba tu, na inatosha. Usimfafanulie zaidi ya hapo. Mkubwa akiuliza kwa nini walimfanyia vile, mjibu kwamba walimwonea na hawakuwa na haki, halafu subiri uone anauliza nini baadaye.

Hapohapo kwenye kichuguu kuna jambo lingine ambalo mama mkwe wako angelipenda kama angelisikia. Kirikou anamwomba babu hirizi ya kumkinga. Babu anamnyima. Anamwambia kwamba kutokuwa na hirizi ndiko kutakakomfanya awe macho na huru. Shule ya uchawi gani hiyo inayomnyima mwanafunzi hirizi? Baada ya hapo shujaa wetu anakiri kwamba wakati mwingine anachoka kupigana peke yake, na anaogopa. Anapanda mapajani kwa babu, anakumbatiwa. Kwangu hiyo ndiyo dakika bora ya filamu. Tumezoea mashujaa wa katuni wasiohitaji mtu; huyu anaomba kupakatwa kabla ya kurudi kwenye hatari, na anapewa bila kuambiwa "wewe ni mwanaume, usilie."

Anamtega Karaba kwa dhahabu yake mwenyewe. Anaifukia nje, mwanamke akiinama kuifukua, Kirikou anamrukia mgongoni na kuung'oa mwiba kwa meno. Kelele anayopiga Karaba itawashtua watoto, lakini mara baada yake ardhi kavu inachipua maua. Yanayofuata, kuanzia busu mpaka wanaume kurudi na ngoma zao, wataelewa wenyewe.

Sasa tumrudie mama mkwe, kwa sababu naamini suluhisho la nyumba yako anayo yeye. Muulize kama anaijua ngano ya Masala Kulangwa. Kwa Msukuma wa rika lake, nitashangaa sana akisema haijui. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye makapi. Akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipopata akili akauliza: mama, mbona tuko wawili tu, wenzetu wako wapi? Akaambiwa. Akatoka kuliwinda zimwi. Akarudi na panzi: mama, ndiye huyu? Siye. Akarudi na ndege: ndiye huyu? Siye. Akaendelea kuleta wakubwa zaidi na zaidi, mpaka siku alipokutana nalo lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka.

Mtoto anayeuliza "baba yuko wapi" na mtoto anayeuliza "watu wako wapi" wanafanana kiasi hicho bila mmoja kumwiga mwenzake. Zimwi linalomeza kijiji na mtoto mdogo anayekikomboa ni hadithi iliyotapakaa Afrika. Basotho wa Lesotho wanayo ya kwao, ya zimwi Kholumolumo. Hata huko kuongea tumboni kulikomshtua mama mkwe si ajabu ya wageni. Hapo Kivu, Wanyanga wana Mwindo, shujaa wa utenzi wao maarufu, aliyechagua mwenyewe namna ya kuzaliwa na akatoka akiongea na kutembea.

Lakini kilichonifanya nikujibu kwa urefu hivi ni mwisho wa Masala Kulangwa, ambao wengi wanaousimulia siku hizi wanaukata. Alipokuwa anapasua tumbo la zimwi, kisu chake kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote wakatoka wakishangilia, yeye akatoka na damu. Akakasirika, akataka kulipiza kwa kumroga mkombozi wake. Masala Kulangwa hakumkimbia wala hakuwachochea watu dhidi yake. Alitafuta dawa, akamtibu sikio, na bibi akatulia. Kila nyumba ina namna yake ya kusimulia, huenda ya mama mkwe wako ikatofautiana na hii niliyoisikia mimi. Ila umeona: huku sikio, kule mwiba. Kila bibi wa kutisha katika hadithi hizi mbili ana kidonda, na kuna mtu aliyekisababisha. Na mbele ya bibi aliyekasirika, wasimulizi wa Kisukuma walimpa shujaa dawa ya kuponya mahali ambapo wangeweza kumpa panga.

Kwa hiyo usiifute. Ifiche kwanza, siku chache tu, mpaka jina lile lipoe. Kisha mwombe mama mkwe awasimulie watoto Masala Kulangwa, jioni, kwa Kisukuma kama wanakisikia, pamoja na lile sikio. Usimwambie kwamba unatafuta ruhusa ya katuni. Mwombe kwa heshima kwa sababu hadithi ni yake na wewe hutaiweza kama yeye. Baada ya hapo ndipo uweke filamu, yeye akiwepo, na wewe ndiye uwe msimulizi. Yale mabanda umiza ya sinema yametuzoesha watafsiri wanaotia utani kila mahali mpaka mhusika anakufa watu wanacheka. Wewe usifanye hivyo. Eleza kidogo mwanzoni, waache watazame, na kwenye kichuguu useme kila neno. Ni filamu fupi, saa moja na dakika kumi hivi, haitawachosha. Wa miaka 5 akijificha kwenye kanga yako nyumba zinapoungua au Kirikou anapotolewa kwenye maji kama maiti, mwambie mapema kwamba ataamka. Kumwambia mtoto mdogo mwisho hakuharibu utamu, kunampa ujasiri wa kuendelea kutazama.

Kuhusu vifua wazi, sina mengi. Ocelot alichora wanawake kama alivyowaona utotoni Guinea. Wapo waliotaka awavalishe sidiria ili filamu iuzike kirahisi Uingereza na Marekani, akakataa, na kwa muda mrefu ilipata taabu kusambazwa huko kwa sababu hiyo. Ufaransa ilitazamwa na watu zaidi ya milioni moja kwenye majumba ya sinema, na mwaka 1999 ikapata tuzo kuu ya filamu ndefu huko Annecy, tamasha kubwa la filamu za katuni. Watoto hawashangai mpaka mtu mzima acheke au afunike macho. Mama mkwe akilitaja, mkumbushe wanawake wa zamani walivyovaa. Yeye anaweza kuwa na kumbukumbu za bibi zake kuliko sisi wote. Kama bado halimkai vizuri, ni nyumba yake pia, tafuta siku ambayo hatakuwepo, lakini ngano asimulie yeye.

Mkubwa nina neno naye kupitia kwako. Baada ya kutazama, muulize: watu wa kijiji walisema Karaba amefanya nini, na ipi ilikuwa kweli? Mpe muda ahesabu. Maji, uongo. Kula watu, uongo. Kuchoma nyumba, kweli. Kisha muulize nani alikwenda kuhakikisha. Halafu, bila hotuba, mtume kwa yule bibi jirani na kitu chochote, mboga au ndoo ya maji, amwamkie shikamoo na akae naye kidogo kabla ya kurudi. Aende na mdogo wake. Mara ya kwanza uende naye wewe, kwa sababu huyo bibi bila shaka amekwisha kusikia anachoitwa na anastahili kuombwa radhi na mtu mzima.

Sehemu nyingine ziko mbili, ya 2005 na ya 2012. Watu wengi wanazitafuta wakidhani zitaonyesha maisha ya Kirikou baada ya kuwa mtu mzima, wanakasirika. Haziendelei mbele, babu anasimulia visa vilivyotokea wakati Kirikou bado ni mdogo na Karaba bado ana mwiba wake. Ya 2005 ni visa vinne, kimoja Kirikou akiwa kwenye bustani, kingine kwenye kazi ya vyungu na kina mama, na kadhalika, na ni nyepesi kuliko ya kwanza. Mletewe hiyo. Ila mdogo akiiona atauliza mbona Karaba amerudi kuwa mbaya wakati alishapona, basi ujiandae kumweleza kwamba babu anakumbuka ya zamani. Ya 2012 inaweza kusubiri mpaka hizo mbili zimewachosha.